UZI: Seli za kinga na figo ya kupandikizwa. Vidonge vinaachwa kweli au tunadanganyana?

Figo Moja (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi nina figo moja. Ya pili anayo mdogo wangu wa kiume, mwaka wa nne sasa, na anaitunza kuliko alivyowahi kutunza chochote nilichompa tangu utotoni, baiskeli ikiwemo. Ila wiki tatu zilizopita nusura anitoe roho.

Kuna klipu ilimfikia WhatsApp. Jamaa ana sauti nzito, kinanda cha huzuni kinapiga nyuma, anasema Wazungu wamepata seli za kinga zinazoufundisha mwili kuipokea figo ya mtu mwingine, na waliopewa "wameacha vidonge vyote". Mdogo wangu alichosikia ni hayo maneno matatu ya mwisho. Yeye anameza dawa za kushusha kinga ili figo isishambuliwe: takrolimasi kila baada ya saa 12, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, pamoja na maikofenoleti na predinisoloni kidogo. Akaanza kuruka dozi ya usiku, kimyakimya. Nilikuja kugundua nilipofungua kile kiboksi chake chenye vyumba vya siku saba: Jumanne usiku kidonge kipo, Jumatano usiku kipo, Ijumaa usiku kipo. Kesho yake tukaenda kupima. Kreatinini, ule uchafu wa damu unaopanda figo ikielemewa, iliyokuwa inacheza kwenye 118 ikasoma 171.

Aliwahiwa, akachomwa sindano za steroidi siku tatu, na namba imeanza kushuka. Lakini hizo siku tatu nilikaa kwenye benchi la wodini nikisoma kila nilichokipata kuhusu hizo seli. Klipu ile si uongo mtupu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Habari ya seli ni ya kweli. Walichokificha ni nani hasa aliacha vidonge, alipewa nini, na alipewa lini.

Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la tiba mbadala. Naandika kwa vipande, vumilieni.

---

Jembe Butu

Nimeweka kigoda siti ya mbele. Pole sana dada.

---

Figo Moja

Asante mkuu. Tuanze na kwa nini figo inakataliwa.

Karibu kila seli mwilini imevaa sare. Wataalamu wanaiita HLA. Nusu ya sare umeipata kwa baba, nusu kwa mama. Ndiyo maana mzazi na mtoto wanalingana nusu, na ndugu wa tumbo moja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana sare nzima. Mimi na mdogo wangu tulilingana nusu. Seli T, ambao ni askari wa kinga, wanazunguka wakikagua sare. Wakikuta ngeni wanapuliza filimbi, na shambulio linaanza. Haliwahusu kwamba hiyo figo ndiyo inayomwokoa mwenyewe.

Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray alichukua figo ya Ronald Herrick akampa pacha wake, Richard. Mapacha wa kufanana, sare moja, kwa hiyo askari hawakuona mgeni. Richard aliishi miaka minane mingine. Ila nani kati yetu ana pacha wa kufanana? Wengine wote ikabidi wasubiri dawa: azathioprini miaka ya 1960, saiklosporini miaka ya 1980, kisha takrolimasi.

Tatizo la dawa hizi ni kwamba zinawalaza askari wote, mkorofi na mwema. Virusi wanaingia kama mlango haupo. Na madhara mengine nayaona kwa macho nyumbani. Mdogo wangu hamimini chai mbele za watu, mikono inatetemeka. Kikombe anakiweka kwenye sinia kwanza, anakishika kwa mkono wa kushoto, ndipo anamimina kwa wa kulia, polepole, kama mtu anayepima mafuta ya taa. Sukari imempanda, na kabla ya upasuaji hakuwa na sukari. Halafu kichekesho kisichochekesha: takrolimasi hiyohiyo, miaka ikienda, inaweza kuichakaza figo inayoilinda. Kwa hiyo mtu akitamani kuiacha simshangai. Mimi mwenyewe ningetamani.

---

Kokwa la Embe

Sasa hizo seli zinafanyaje? Tuwekee kwa lugha ya kijiweni, sisi wengine baiolojia tuliiacha form two.

---

Figo Moja

Kijiweni kabisa basi. Mtaani kuna polisi, na kuna mjumbe wa nyumba kumi. Watu wakikwaruzana, mjumbe anafika na ndala zake, anasema jamani huyu namfahamu, ni mgeni wa fulani, tulieni. Mwilini pia wapo wajumbe, nao ni seli T, ila kazi yao ni kutuliza wenzao. Mjapani Shimon Sakaguchi ndiye aliyewaonyesha mwaka 1995. Miaka sita baadaye Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakakamata jeni inayohusika na utulivu huo, FOXP3, kwa kuchunguza panya waliokuwa wanashambuliwa na kinga yao wenyewe. Oktoba 2025 wote watatu wakapewa Nobeli ya tiba. Nadhani ndiyo maana klipu zimezagaa sasa hivi.

Wazo likawa hili: figo mpya ikiingia, polisi ni wengi na wajumbe ni wachache. Je, tukiwaongeza wajumbe?

Berlin, hospitali ya Charité, walilifanya hivi. Mgonjwa anayesubiri figo ya ndugu anatolewa damu kidogo, kama mililita 40 au 50, haifiki hata kikombe cha kahawa cha kujaa. Wanachambua wajumbe wake mwenyewe, wanawakuza maabara mpaka wanakuwa mamilioni, halafu siku ya saba baada ya upasuaji wanamrudishia kwa dripu. Mara moja tu. Wagonjwa walikuwa 11. Wanane kati yao walifikia kubaki na dawa moja tu ya kushusha kinga.

Someni tena: kubaki na dawa moja. Na dawa yenyewe ni takrolimasi, ileile mdogo wangu aliyoiruka!

Berlin ilikuwa tawi la jaribio kubwa zaidi, ONE Study, lililohusisha vituo vya Ulaya na Marekani. Matokeo ya jumla yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2020. Waliopewa seli za aina mbalimbali walikuwa 38, waliopewa tiba ya kawaida 66. Figo kushambuliwa mwaka wa kwanza: waliopewa seli asilimia 16, wa kawaida asilimia 12.

---

Mpiga Pasi

Subiri kwanza. 16 si ni mbaya kuliko 12? Sasa maajabu yako wapi?

---

Figo Moja

Swali zuri, na mimi lilinikwama hapohapo. Kwanza watu 38 ni wachache, tofauti hiyo ni ya mtu mmoja au wawili. Pili, na hili ndilo kubwa, waliopewa seli walipunguziwa dawa tangu mwanzo. Ile sindano kali ya siku za upasuaji, basiliksimabu, hawakuchomwa, ilhali wa kawaida walichomwa. Yaani wamekimbia mbio zilezile wakiwa wameacha ngao nyumbani, na wamefika karibu sawa. Juu ya hapo, karibu wanne katika kila kumi walifanikiwa kubaki na dawa moja, na maambukizi ya virusi kwao yalikuwa machache.

Mafanikio hayo ni ya kweli. Ila "kuacha vidonge vyote" hayamo.

---

Chumvi ya Mawe

Dada unajisumbua bure. Kuna unga wa mlonge na mizizi fulani naletewa kutoka kwetu, unapandisha kinga mara saba. Mwambie mdogo wako anitafute PM.

---

Nesi Mstaafu

Chumvi ya Mawe, mwanangu, umesoma ulichokiandika? Mgonjwa wa figo ya kupandikizwa kinga yake inashushwa kwa makusudi. Wewe unataka kuipandisha mara saba. Ukifanikiwa, umeiua figo ya huyu dada. Ukishindwa, umekula hela ya mgonjwa. Chagua lipi unalitaka.

Nimefanya kazi kliniki ya figo miaka mingi. Mlonge na mizizi nimeishuhudia, lakini hata dawa halali za hospitali zinaweza kumponza mtu. Mgonjwa anakohoa, anakutwa na TB, anaanzishiwa dawa kituo cha jirani bila kusema kwamba ana figo ya kupandikizwa. Ndani ya dawa za TB mna rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini, linaanza kuimaliza takrolimasi haraka kuliko mtu anavyoimeza. Mgonjwa anakuambia "sista, sijaruka hata siku moja", na kweli hajaruka, lakini ukipima damu dawa haionekani. Mwenye figo ya kupandikizwa aandikiwe TB kwa mashauriano na daktari wake wa figo, na kipimo cha takrolimasi kifuatiliwe karibu. Msiache dawa za TB pia, jamani. Semeni tu.

Endelea mama, nakusoma.

---

Jembe Butu

Chumvi ya Mawe kapotea ghafla kama mtandao wa jioni.

---

Figo Moja

Shikamoo sista. Hilo la rifampisini sikulijua, nimeshaliandika kwenye daftari la mdogo wangu.

Njia ya pili ndiyo imenivutia kuliko zote, ya Heidelberg, Ujerumani. Daktari Christian Morath na wenzake hawakuchukua seli za mgonjwa. Walichukua za mtoaji. Yaani kama ni sisi, wangenitoa mimi seli nyeupe za damu kabla ya kunitoa figo. Halafu wanazitia dawa ya saratani, mitomaisini C, zinabaki hai lakini mahututi. Kisha anatiwa mgonjwa, kabla ya upasuaji.

Nilijiuliza, kumtia mtu seli za mgeni si ndiyo kuchokoza nyuki? Kumbe ni namna zinavyoingia. Seli inayokufa taratibu bila kelele ni jambo la kila siku mwilini. Wale walinzi wanaomeza mabaki, wakimeza seli ya namna hiyo, hawapigi kengele. Wanaipeleka sare yake kwa seli T kama taarifa ya kawaida, haina dharura. Askari wanaizoea. Figo yenye sare hiyohiyo ikija, wameshaiona, na mara ya kwanza walipoiona hakukuwa na vita.

Ni kama mwali kutambulishwa ukoo kabla ya harusi. Akitokea siku ya ndoa hakuna anayeuliza huyu nani.

Walianza na wagonjwa 10. Wengine walipewa siku mbili kabla ya upasuaji, wengine siku saba kabla. Dozi ya juu ilikuwa seli milioni 150 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka mzima hakuna aliyekataa figo, na hakuna madhara yaliyosukumiwa kwenye hizo seli. Waliopewa dozi ya juu siku saba kabla walikuwa wanne tu, ila kwao kilionekana kitu: seli B za kutuliza, nao ni wajumbe wa aina nyingine, zilikuwa mara 68 zaidi ya wagonjwa wa kawaida. Na askari wao walipojaribiwa maabara, walinyamaza mbele ya seli za mtoaji lakini waliamka wakiwekewa seli za mtu baki. Huko ndiko kila mtu anakotaka kufika: amlaze mmoja, wengine wabaki macho. Utafiti ulichapishwa 2020.

Hata hao wa Heidelberg waliendelea na dawa. Walipunguziwa.

---

Kokwa la Embe

Basi walioacha kabisa ni akina nani? Au hawapo?

---

Figo Moja

Wapo. Hao walipewa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Yaani unapewa figo pamoja na seli shina za uloto za mtu yuleyule, ili ndani yako pakae damu mbili. Askari wa mtoaji na askari wako wanakulia kambi moja. Hospitali ya Massachusetts General, Boston, walitoa taarifa mwaka 2008 ya wagonjwa watano waliolingana nusu na ndugu zao, kama mimi na mdogo wangu. Wanne waliacha dawa zote. Wa tano figo ilishambuliwa ikafa. Kabla ya hapo walipigwa dawa kali na mionzi kwenye tezi ya kifuani ili uloto upate nafasi. Si kitu cha kufanyiwa asubuhi ukarudi nyumbani jioni.

Baadaye Marekani wakafanya jaribio kubwa kwa ndugu waliolingana sare nzima, ile moja kati ya nne. Ishirini walipewa figo na seli za ndugu, 10 tiba ya kawaida. Kati ya 20, 19 waliacha dawa, na 15 walikaa zaidi ya miaka miwili bila kidonge. Nilipoisoma nilifunga simu nikalia kidogo, sitaficha. Halafu nikakumbuka sisi ni nusu.

Chuo cha Stanford, Marekani, nao, mwaka 2022, walitoa habari ya watoto watatu wenye ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu figo na kinga kwa pamoja. Mzazi alitoa seli shina kwanza, zikachujwa zile zenye ukorofi. Miezi mitano hadi 10 baadaye mzazi yuleyule akatoa figo. Kinga ya mtoto ilikuwa tayari ni ya mzazi, kwa hiyo figo ilipofika ilikuta wa kwao. Dawa za kushusha kinga hawakuzihitaji tena. Lakini watoto hao walihitaji uloto hata bila figo, kinga yao ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Ndiyo sababu hatari ile ilistahili kubebwa.

Maana hatari ipo. Seli za uloto wa mtu zinaweza kugeuka zikaushambulia mwili uliozipokea, ngozi, utumbo, ini. Mgeni anampiga mwenye nyumba. Mtu anaweza kufa kwa hilo. Mwenye figo inayofanya kazi na vidonge anaishi, huyu umwambie achague kati ya vidonge na hilo, si jibu la haraka.

---

Mpiga Pasi

Mimi nilipandikizwa India, 2015, kabla Muhimbili hawajaanza. Tuliokuwa hosteli moja tulisikia kwamba Ahmedabad kulikuwa na daktari anaingiza seli shina za mtoaji kupitia mshipa unaoingia kwenye ini. Watu wakasema hao hawamezi dawa. Ni sahihi?

---

Figo Moja

Mkuu, daktari huyo ni H. L. Trivedi, alifariki 2019. Ni kweli walikuwa wanaingiza seli za uloto za mtoaji kwenye mshipa wa ini na wakaandika sana kuhusu kupunguza dawa. Ila "kupunguza" likipita kwenye midomo mitatu ya hosteli linakuwa "hawamezi". Wewe unameza ngapi sasa?

---

Mpiga Pasi

Takrolimasi na azathioprini. Na saa imenifundisha adabu. Nikiwa kwenye daladala ikilia, konda anasema "huyo mzee kengele yake."

---

Nesi Mstaafu

Mama, na huku kwetu je? Muhimbili walianza figo Novemba 2017, Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka uliofuata, na hao wa Dodoma wanapandikiza na uloto kwa watoto wenye selimundu. Mimi nikiangalia, vyumba viwili tayari viko jengo moja.

---

Figo Moja

Sista, umeniwahi. Uloto na figo hospitali moja ni mwanzo mzuri. Kinachokosekana ni maabara ya kukuza seli kwa usafi wa kiwango cha dawa, ambayo hata Ulaya si kila hospitali inayo, na kupima takrolimasi kwenye damu majibu yakatoka siku ileile. Mimi hili la pili ningelianza kesho. Kwa sisi tunaotoka mikoani, majibu kuchelewa siku tano ni nauli na hoteli.

Sasa jambo nililomwambia mdogo wangu wodini, ndilo lililonifanya nifungue uzi. Angalieni tarehe za hizo tiba. Berlin: siku ya saba baada ya upasuaji. Heidelberg: siku saba kabla. Boston: siku ileile. Stanford: miezi kabla. Zote zimefungwa na siku ya kupokea figo, na wengi wao figo ilitoka kwa mtu hai, tarehe inajulikana. Yeye ana miaka minne tangu apokee. Askari wake walishaiona figo yangu zamani, wakakatazwa kwa vidonge. Hata angepata viza ya Ujerumani leo, jaribio lile halimhusu.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo tungechelewa miaka kumi ingekuwa tofauti?" Nikamwambia tungechelewa miaka kumi ungekuwa umezikwa, unasafishwa damu mara tatu kwa wiki unafikiri ni mchezo? Wenye vitanda vya jirani wakacheka, na yeye akacheka.

Kwa wenye ndugu anayesubiri figo sasa, nyie mko upande tofauti na sisi. Muulizeni daktari wa figo kiwango cha kulingana HLA, na kama mna ndugu wa tumbo moja ambaye hajapimwa, apimwe. Sare nzima ikipatikana hata dawa za kawaida zinafanya kazi kwa wepesi zaidi.

---

Kokwa la Embe

Dogo anaendeleaje leo?

---

Mdogo Mtu

Habari wakuu. Mimi ndiye mwenye kiboksi. Nimejiunga leo kwa ajili ya kujitetea.

Kwanza baiskeli iliibiwa, sikuiharibu. Pili, Ijumaa niliruka kwa kusahau kweli, za Jumanne na Jumatano ndizo za klipu. Tatu, kreatinini ya juzi ni 129, na daktari kasema turudi baada ya wiki mbili.

Dada, kengele imelia. Nimemeza. Picha nimekutumia PM, acha kunipigia.